Bwana Isihaka Semboja Aweka Chini Mpira wa Maji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Isihaka Semboja, Mkuu wa Karakana ya Baiskeli, anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa Mbuga na Mto kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima, niseme mazuri na nisizidishe. Mazuri nimekwisha kuyasema: amekaa miaka ishirini na tisa. Yanayofuata ni habari zake.

Wasifu wa wastaafu wetu tunaujua. Kila anayeondoka hapa alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, tena hajawahi kuchelewa. Mwaka juzi tulimuaga mtu aliyekuwa akisinzia mezani kuanzia chai ya asubuhi, na kwenye ratiba tukaandika kwamba alijaliwa utulivu. Bwana Isihaka hastahili kufanyiwa hivyo. Ni mbishi, ana majivuno, na akigundua kwamba amekosea hukohoa badala ya kusema samahani. Mimi ninayeandika ni Mwanaisha, mpokeaji wa maziwa katika kituo cha Handeni. Meza yangu na karakana yake zimetenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo kwa miaka kumi na saba nimesikia kila alichosema, pamoja na vile ambavyo sikutaka kuvisikia.

Alizaliwa Dindira, juu milimani, kwenye chai na ukungu, mahali ambapo maji hupita mbele ya mlango wa kila nyumba bila kuitwa. Huko mtoto akirudi nyumbani na vumbi miguuni huulizwa amelitoa wapi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo mama wa matatizo yote. Alishuka Korogwe akiwa kijana, akajifunza ufundi wa baiskeli kwenye kibanda kimoja karibu na stesheni ya reli, akaoa, akajenga Kilole, na ushirika ulipopata baiskeli zake za kwanza akaajiriwa kuzitunza. Mkewe, Bi Maryamu, ameniambia kwa kinywa chake kwamba siku mbili kabla ya harusi bwana harusi aliwaogesha mbuzi wa pilau kwa sabuni. Mmoja alipata mafua, akachinjwa akiwa anapiga chafya.

Kwa wageni wetu wa leo wasiojua shughuli zetu, niseme kwa kifupi. Ng'ombe wako kwenye mbuga kavu za Handeni, kwenye maboma ya wafugaji. Wanunuzi wako Korogwe mjini. Katikati kuna kituo chetu, na kati ya boma na kituo kuna njia ya vumbi ambayo gari letu haliiwezi na haliitaki. Maziwa huja kwa baiskeli, keni mbili kwenye karia, moja kila upande. Yakifika mapema nayapima, nayapokea, yanaingia kwenye tangi la baridi. Yakichelewa jua linayawahi, nami nayakataa, na aliyeyaleta ananitazama kama vile jua nimelichomoza mimi. Baiskeli ikiharibika njiani hakuna la kufanya, maziwa hayasubiri fundi.

Sasa tuje kwenye ekseli ya kati, maana bila hiyo Bwana Isihaka hana wasifu. Ni kile chuma kinachopita tumboni mwa fremu, chini kabisa, kikibeba mikono miwili ya pedeli. Kila upande kuna bakuli la chuma, na ndani ya bakuli gololi zinazunguka kwenye grisi. Mpanda baiskeli haioni wala haifikirii. Lakini uzito wake wote, na wa maziwa, na wa kila kilima, unapita hapo. Ikianza kulegea hugonga, ko, ko, ko, kila mguu unaposhuka. Ikipuuzwa, gololi husagika, pedeli huyumba, na siku moja mtu huenda chini pamoja na maziwa ya watu.

Na zetu zilikuwa zinakufa. Ekseli ambayo Korogwe mjini humbeba muuza mkate miaka saba, kwetu ikiona Ramadhani ya pili imejitahidi. Bwana Isihaka alizifungua, akazitukana, akaweka nyingine, akazitukana na hizo. Kosa, bila shaka, lilikuwa la wengine. Kwanza lilikuwa la mchanga wa Handeni, ambao kwa maelezo yake ni mchanga usio na adabu. Baadaye likawa la wapanda baiskeli, wanaokanyaga pedeli kama wanatwanga kisamvu. Kisha likawa la viwanda vya siku hizi, kisha la meli zilizoleta vyuma hivyo, na kuna msimu mmoja alisadiki kabisa kwamba ni maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, kwamba ni mazito mno.

Kuchagua alijua, hilo simnyimi. Alikwenda kwenye maduka ya Korogwe na tupa mfukoni. Akiletewa ekseli mpya, hakutazama inavyong'aa; aliipitishia tupa ubavuni, palepale kaunta, mbele ya mwenye duka. Tupa ikila chuma, alikirudisha kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya mfu. Tupa ikiteleza, alisogea kwenye bakuli, akaingiza kidole cha shahada na kukizungusha, akitafuta mkwaruzo. Gololi alizitaka moja moja, zilizojaa bakuli, si zile zilizofungwa kwenye kikuku cha bati, kwa kuwa kikuku hula nafasi ya gololi mbili tatu, na kikivunjika humaliza zilizobaki. Haya yote ni kweli na kila kijana wa karakana ayashike. Iddy mwenye duka la vipuri karibu na stendi alipomwona anavuka barabara na ile tupa, alianza kushusha mlango na kudai anakwenda kuswali, hata kama ni saa nne asubuhi.

Lakini chuma kilichoishinda tupa nacho kikafa. Kigumu kilikufa, laini kikafa, cha bei mbaya kikafa kwa aibu zaidi kwa sababu kilikuwa kimetangazwa. Hapo ndipo meneja wetu, Bwana Valerian, aliporudi kutoka semina na suluhisho. Semina ile ilikuwa ya usindikaji wa jibini, lakini mtu akishakaa kwenye kiti chenye foronya huwa mtaalamu wa kila kitu. Alituletea ekseli za kisasa, zilizofungwa kabisa ndani ya kopo, hazifunguliwi, hazitiwi grisi, hazihitaji fundi. Alipoyatamka haya ya mwisho alimtazama Bwana Isihaka.

Ekseli za kopo zilidumu hadi mvua za vuli. Zilipoanza kugonga ikaonekana kwamba ni kweli hazifunguliwi, hazitiwi grisi, na kwamba spana maalumu ya kuzitolea haikununuliwa, kwa sababu kwenye semina hakuna aliyeuliza zinatokaje. Zilitolewa kwa patasi na nyundo. Nilizisikia zote kupitia ukuta wa mabati, chuma na maneno. Bwana Valerian aliandika kwamba jaribio limetoa mafunzo muhimu, akaenda semina nyingine.

Nimesema kwamba Dindira ndiko yalikotoka matatizo. Bwana Isihaka hawezi kuona kitu kichafu akakipita. Mwaka wa pili wa kuja kwangu aliushawishi ushirika uchimbe kisima, na mbele ya karakana akajenga kwa mikono yake hodhi refu la saruji, na kabla saruji haijakauka akachora kwa msumari: USAFI KWANZA. I. SEMBOJA. Akafunga pampu na mpira wa maji wenye kasi ya kuchubua rangi. Amri ikatoka: kila baiskeli, ikishapakuliwa maziwa, ipite kwenye hodhi, ioshwe kwa sabuni ya unga, ndipo mwenyewe aondoke. Atakayekaidi mara ya kwanza ataonywa, mara ya pili ataonywa, mara ya tatu ananyang'anywa baiskeli, maana baiskeli ni mali ya ushirika.

Mpira aliushika mwenyewe. Asiyewahi kuiona kazi ile amekosa sinema. Alianza na usukani, akashuka kwenye rimu, na mwisho, kwa furaha ya pekee, aliinama na kuelekeza maji chini kabisa, pale kwenye ekseli ya kati, kulia kisha kushoto, kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. "Hapa katikati ndipo uchafu unapojificha," alikuwa akisema. Akimaliza, alirudi ndani, akaketi mbele ya rundo la ekseli zilizokufa, na kujiuliza kwa sauti ni nini kinachoziua.

Msomaji ameshaelewa. Nakupa hongera. Sisi tulichukua miaka kumi na tano, tukiwa na meneja, kamati, mhasibu, na mkuu wa karakana mwenye tupa.

Aliyetufumbua macho hakuwa na nia hiyo. Naisimoi ni mjane wa upande wa mbugani, ana ng'ombe wachache na ulimi ambao hauhitaji kunolewa. Mwaka wa kwanza alipofika kituoni juu ya baiskeli, shuka zake amezikunja kiunoni, wanaume wa maboma jirani walitoka kuja kutazama, wakitumaini ataanguka. Hakuanguka. Huleta maziwa yake, ya mama mkwe wake Nasinkoi, na ya nyumba tatu jirani. Keni zake sijapata kuzikuta na doa, na mimi sisifii keni ovyo. Baiskeli yake, hata hivyo, ilikuwa aibu ya mkoa mzima. Rangi yake hakuna aliyeijua. Tumboni, pale kwenye ekseli, vumbi na matone ya maziwa na mafuta vilikuwa vimeshikana miaka na miaka hadi vikawa gamba jeusi, gumu, nene kama chapati mbili.

Hakupita kwenye hodhi hata siku moja. Foleni ilikuwa ndefu na ng'ombe wake walikuwa wanamngoja. Alichofanya ni kusuuza keni zake, kuzijaza maji ya kisima hadi shingoni, kuzifunga kwenye karia na kuondoka nazo nyumbani. Bwana Isihaka alipomwonya mara ya kwanza, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mzee, maji ya kuogesha chuma nitayatoa wapi? Ndama wangu wenyewe wanayasikia kwa jina." Onyo la pili alipewa akiwa tayari juu ya baiskeli, na sidhani alilisikia lote.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, habari zilifika kwamba tumepata fedha za kununua baiskeli mpya kwa njia zote za mbugani. Bwana Valerian akamkabidhi Bwana Isihaka kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu: achague ekseli ya kati itakayodumu, aina moja kwa baiskeli zote. Mzee alivimba kwa wiki nzima. Alipanga ekseli zake zilizokufa juu ya meza kama maiti wa ajali, akaenda Korogwe mara tatu, akamfanya Iddy akimbilie swala mara tatu, akarudi na aina mbili zilizoishinda tupa. Kabla ya kutangaza uamuzi wake akatamani kutoa somo. Mwanafunzi akawa Naisimoi.

Asubuhi ya somo, wapanda baiskeli wote waliambiwa wasiondoke. Bwana Isihaka alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nikasema mapema kwamba mtu anayepiga pasi ovaroli anatafuta balaa, lakini nilisema kimoyomoyo. Akaileta baiskeli ya Naisimoi, akaipindua magurudumu juu, na akatoa hotuba. Hili ni onyo la tatu, alisema. Leo ataifungua ekseli mbele ya watu wote, kila mmoja ajionee uchafu unavyokula chuma, kisha baiskeli itabaki hapa na kupewa mtu anayejua thamani yake.

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikijua yanayomsubiri. Kutoka boma lake hadi kituoni hakuna mguu unaoweza kuleta keni mbili kabla ya jua kuzichachua. Bila baiskeli, Naisimoi angerudi kuomba kila kitu kwa shemeji yake, mtu ambaye hata chumvi huitoa pamoja na hotuba. Nasinkoi na zile nyumba tatu nao wangerudi huko huko. Nilitoka nje ya mlango wangu nikiwa bado na kipimo cha maziwa mkononi, nikasema, "Bwana Isihaka, maziwa yake ni safi kuliko ya hao wanaocheka." Akanijibu kwamba yeye haongelei maziwa, na kila mtu akae kwenye meza yake.

Naisimoi alikuwa amesimama kando na keni zake za maji miguuni. Niliona mkono wake umeshika mpini wa keni kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi. Lakini sauti yake ilikuwa ileile. "Fungua, mzee," alisema. "Ukikuta nyoka, ni wako."

Akafungua. Ilibidi kwanza alibandue lile gamba kwa bisibisi, na lilitoka kwa vipande kama gome. Akagonga pini, akatoa mikono ya pedeli, akalegeza bakuli la kushoto, akaweka kitambaa cheupe chini ili uozo uonekane vizuri. Gololi zikamwagika juu ya kitambaa. Zilikuwa zinang'aa. Grisi ilikuwa imebadilika rangi tu, bado laini, bado inavutika kati ya vidole. Aliichomoa ekseli akaigeuza kwenye mwanga. Njia ya gololi ilikuwa nyororo pande zote mbili, haina shimo, haina mkwaruzo. Akatia kidole cha shahada ndani ya bakuli, akakizungusha, akakizungusha tena.

Kibaya zaidi kwake, aliitambua. Bwana Isihaka ana mazoea ya kugonga nukta tatu kwenye ncha ya kila ekseli anayoifunga kwa mkono wake, na nukta zake zilikuwepo. Aliifunga yeye mwenyewe miaka tisa iliyopita. Tena ilikuwa ya ile aina ya bei ya chini kabisa, aina ambayo tupa iliila siku ya kwanza, ambayo alitaka kumrudishia Iddy akaambiwa biashara imekwisha. Juu ya meza yake, chini ya jua lilelile, zilikuwa zimelala zile ngumu, zile za heshima, zilizooshwa kila siku, zimeliwa na kutu mpaka moyoni.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ule mpira uliotundikwa ukutani. Bwana Isihaka aliutazama mpira, akaitazama ekseli, akautazama mpira tena, na nikaona kwa macho yangu miaka kumi na tano inampitia usoni.

Akakohoa.

Sisi tunaomfahamu tulielewa kilichosemwa. Naisimoi, ambaye hakumfahamu kiasi hicho, alimwambia, "Pole, mzee."

Alichukua muda mrefu kufuta mikono yake. Kisha akaziosha gololi kwa mafuta ya taa, akazipanga upya zilezile, akatia grisi mpya, akaifunga ekseli ileile mahali pake. Alipomaliza alishika kitambaa kama kawaida yake, akapeleka mkono kuifuta fremu, mkono ukasimama njiani. Akainama chini akaokota vipande vya lile gamba, akavishika kiganjani, na akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mama, huu uchafu wako unaupataje?"

"Nenda urudi," alisema Naisimoi. "Utaupata."

Akapewa baiskeli yake. Akafunga keni zake za maji, akapanda, akaondoka, na hakugeuka nyuma. Ningekuwa mimi ningegeuka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuchekesha kwa mtu yeyote mwenye kiti karibu na ukuta wa mabati. Wapanda baiskeli walewale waliocheka wakaanza kusema kwamba wao walijua siku zote. Mhasibu alijua. Dereva alijua. Bwana Valerian alisema alikuwa ameligusia kwenye semina. Na Bwana Isihaka Semboja, mtoto wa Dindira, aliyewaogesha mbuzi wa harusi yake, alikaa mlangoni na sinia la vumbi laini akilichanganya na grisi, akionja uzito wake kwa vidole kama mpishi wa halua, na kuupaka mchanganyiko huo kuzunguka bakuli za ekseli, kisha akazungushia kipande cha tyubu kuukuu na kukifunga kwa mpira. Maji hayasukumwi tena humo ndani. Anayetaka kusafisha baiskeli anapewa kitambaa kikavu. Pampu imefungwa kwenye tangi langu la kusuuzia keni, mahali ilipopaswa kuwa tangu mwanzo.

Kwenye kikao cha kuchagua ekseli Bwana Valerian alikuja na jedwali lake, aina za ekseli upande mmoja na sifa upande wa pili, akauliza ni ipi kati ya hizi inayodumu kuliko zote. Bwana Isihaka hakulitazama jedwali.

"Isiyooshwa," alisema.

Bwana Valerian akaomba maelezo zaidi kwa ajili ya taarifa. Akapewa: bakuli mbili za kufunguka, gololi za moja moja, spana inayopatikana kwa fundi yeyote wa njiani, vipuri vinavyopatikana kwa Iddy, na mtu yeyote atakayeonekana na mpira wa maji karibu na baiskeli za ushirika, awe meneja au mgeni rasmi, anyang'anywe. Ndicho kikao kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria, na ndicho pekee kilichonifurahisha. Tangu baiskeli mpya zianze kazi, nimeyakataa maziwa ya watu wawili tu, na wote wawili walikuwa wamelala.

Kuhusu lile hodhi, Bwana Isihaka aliomba livunjwe. Kamati ilikataa, kwa hoja kwamba lilizinduliwa na mgeni aliyekata utepe na kwa hiyo ni kumbukumbu. Kwa hiyo lipo. Kila Alhamisi ng'ombe wa Naisimoi huteremka kutoka mbugani kuja kunywa humo, wamepanga midomo yao juu ya maneno USAFI KWANZA. I. SEMBOJA, na wakishashiba hufanya kandokando yake yote wanayofanya ng'ombe wakishashiba. Wiki zake hizi za mwisho Bwana Isihaka amekuwa akitoka na kiti chake kuwatazama. Sijamsikia akikohoa. Siku moja nilimsikia akicheka peke yake, na kwa kuwa miaka yote hii sikujua kwamba anaweza, nilidhani kuna mgeni.

Nafika mwisho, na kamati inataka shukrani. Haya. Bwana Isihaka, umetuchosha miaka ishirini na tisa. Ulitufanya tupige foleni kwenye hodhi tukiwa na usingizi, ulimfungisha Iddy duka, ulinitukania mchanga wa kwetu Handeni bila sababu yoyote. Wengi waliokosea hapa walistaafu na makosa yao, wakapewa saa ya ukutani, na sisi tukabaki na hayo makosa. Wewe kosa lako ulilifungua mwenyewe mbele ya watu wote, juu ya kitambaa cheupe, na ulipoliona hukulifunika. Ulimrudishia mwanamke baiskeli yake. Kwa hilo nakuheshimu, na naliandika hapa wazi ili usije ukasema sikuwahi kulisema.

Neno moja kwa wageni waalikwa. Baada ya chakula italetwa ukumbini zawadi ya wafanyakazi, baiskeli mpya, nyeusi, yenye ekseli aliyoichagua mwenyewe. Mtaona inang'aa kila mahali isipokuwa katikati, tumboni, ambako kuna kitu cheusi kimepakwa kwa mkono. Jana Bwana Valerian alikuja mbio na kitambaa, akidhani ni ajali, nikamzuia mlangoni kwa kipimo cha maziwa. Si ajali. Naisimoi alikuja juzi kwa miguu akiikokota baiskeli yake, akabandua gamba jipya lililoota kwenye fremu yake tangu siku ya somo, akalilainisha kwa samli ya ng'ombe wake, akalipaka kwenye baiskeli mpya ya mzee kwa viganja vyake mwenyewe. Alifanya kazi ile kwa muda mrefu. Alipomaliza aliniambia nimpe ujumbe kwamba lake litaota tena, njia bado anayo.

Basi ujumbe umeupata, Bwana Isihaka. Nenda salama Kilole, msalimie Bi Maryamu, panda ukawaone nduguzo huko Dindira ukipata nguvu ya mlima. Mungu akupe afya, na miguu ya kukanyaga pedeli miaka mingi. Na huko juu maji yanakopita mlangoni, tafadhali, baiskeli hiyo usiioshe.

Mwanaisha
Mpokeaji wa Maziwa, Kituo cha Handeni